Mbeya, Iringa, Mafinga au Dar: mshahara upi unabaki mfukoni?

Umepata ofa mbili. Ya Dar es Salaam ni 1,500,000 kwa mwezi, ya Mbeya ni 1,200,000. Karibu kila mtu hutoa moja kwa nyingine, akaona laki tatu, akaanza kufunga mizigo kuelekea pwani. Laki tatu hiyo haifiki benki. Inayofika ni 189,000, na kwa mwenye deni la Bodi ya Mikopo ni 144,000. Hiyo ndiyo pesa ambayo Dar inakuzidishia, na hiyo ndiyo ya kupambanisha na kodi ya nyumba, nauli na bei za sokoni.

Neno moja kabla ya kuendelea. Makato na kodi za serikali humu ni viwango halisi. Pango, chakula na nauli za mjini ni namba za mfano tu, kwa sababu zinabadilika mtaa kwa mtaa na msimu kwa msimu. Zifute, weka zako. Njia ya kukokotoa ni ileile.

Makato yanavyomeza nyongeza

Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara, NSSF inachukua asilimia 10 ya mshahara wake, na mwajiri anachangia 10 nyingine. Kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kila shilingi inayozidi milioni ni asilimia 30. Deni la HESLB (Bodi ya Mikopo) hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato hayo hayakupunguzii kodi.

| Mshahara kabla ya makato | Unaoingia benki | Ukiwa na deni la HESLB |
|---|---|---|
| 800,000 | 660,000 | 540,000 |
| 1,000,000 | 797,000 | 647,000 |
| 1,200,000 | 928,000 | 748,000 |
| 1,500,000 | 1,117,000 | 892,000 |
| 2,000,000 | 1,432,000 | 1,132,000 |

Jedwali linachukulia kwamba mshahara wote ni wa msingi. Ofa nyingi haziko hivyo: mshahara wa msingi unakuwa mdogo, halafu kuna posho ya nyumba, ya usafiri, ya simu. Omba mchanganuo ulioandikwa, na uliza posho ipi inalipwa kila mwezi na ipi hutegemea safari au bajeti ya mradi. Posho ya kutegemea safari usiiweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba.

Ukishavuka kiwango cha asilimia 30, kila laki moja anayoongeza mwajiri inakufikia kama 63,000. Mwenye mkopo anapata 48,000. Hapo unapata kipimo rahisi cha kulinganisha miji: tafuta tofauti ya gharama ya mwezi kati ya mji mmoja na mwingine, kisha gawa kwa 0.63. Jibu ni kiasi ambacho mji wa gharama unapaswa kuuzidi ule wa nafuu kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, ili mfuko utoke sare. Mwenye mkopo agawe kwa 0.48. Kama mishahara yote miwili iko chini kidogo ya milioni, tumia 0.675 na 0.525.

Mtumishi wa umma anakatwa tofauti (PSSSF ya pensheni asilimia 5, NHIF ya bima ya afya asilimia 3), lakini kwake swali lenyewe limegeuka. Ngazi ya mshahara ni ileile awe Mbeya Jiji, Makete au Ludewa, kwa hiyo anachochagua ni gharama na umbali tu. Akumbuke pia kwamba uhamisho aliouomba mwenyewe haulipiwi. Mizigo na siku za kujikimu ni juu yake.

Dar na Mbeya, bega kwa bega

Familia ya watu wanne, vyumba viwili na sebule, mfanyakazi anakwenda kazini siku 26:

| Kwa mwezi | Dar | Mbeya |
|---|---|---|
| Pango | 250,000 | 150,000 |
| Nauli ya kazini | 62,400 | 31,200 |
| Chakula cha mchana kazini | 91,000 | 65,000 |
| Chakula cha nyumbani | 350,000 | 260,000 |
| Umeme, maji, gesi | 90,000 | 85,000 |
| Jumla | 843,400 | 591,200 |
| Kinachobaki | 273,600 | 336,800 |

Gharama zinapishana kwa 252,200. Gawa kwa 0.63, unapata kama 400,000. Yaani Dar ilipaswa kutoa 1,600,000 ndipo ilingane na Mbeya ya 1,200,000. Kwa kijana aliyesoma kwa mkopo, pengo linalotakiwa linafika 525,000, na kwa ofa hizi zilizopo Dar inambakishia 48,600 huku Mbeya ikimbakishia 156,800. Kwa 48,600, mtoto mmoja akiugua mwezi umeshaisha.

Usitoke hapa ukasema Mbeya inashinda siku zote. Mtu peke yake, chumba kimoja cha 80,000 Dar na cha 50,000 Mbeya, nauli na mchana kama hapo juu, chakula cha jioni 120,000 kwa 90,000, na 30,000 ya umeme na maji kila upande: gharama zinapishana kwa 117,200 tu, wakati mshahara wa Dar unamzidishia 189,000. Huyo aende Dar. Anayepata mahali pa kulala kwa ndugu bila kulipa pango, hata akiwa na familia, Dar inampa karibu 187,000 zaidi kila mwezi, ilimradi ndugu huyo asije akageuka bili nyingine. Sababu ni moja. Nyumba na chakula vinakua kwa idadi ya watu. Mshahara haujui una watoto wangapi. Kadiri familia inavyokuwa kubwa ndivyo mji wa bei nafuu unavyopata nguvu.

Kitu ambacho wengi hawakiandiki popote ni safari. Dar hadi Mbeya ni takribani kilomita 830. Kwa kiwango cha daraja la kawaida kilichotangazwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, Novemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita, mtu mmoja ni kama 40,200 kwenda tu. Watu wazima wawili, kwenda na kurudi, 160,900. Ukienda kwa wazazi mara mbili kwa mwaka umeweka 26,800 juu ya gharama za kila mwezi, na misiba haijaingia. Wazazi wakiwa Rungwe au Mbozi, safari hiyo inahesabiwa upande wa Dar. Wakiwa Kibaha, inahesabiwa upande wa Mbeya, na kile kiasi cha 63,200 (336,800 toa 273,600) kilichoipa Mbeya ushindi kinapungua karibu nusu.

Nyumba Mbeya: tazama barabara kwanza

Jiji la Mbeya limejinyoosha kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kutoka Uyole upande wa mashariki hadi kuelekea Mbalizi magharibi. Wenyeji, malori ya Tunduma na mabasi ya mikoani wote wanatumia njia hiyo moja. Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ulianza kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo nyumba ya bei nzuri Uyole kwa mtu anayefanya kazi Iyunga si nafuu kama inavyoonekana: atavuka Mwanjelwa na Mafiati asubuhi na jioni, na mara nyingi kwa magari mawili. Chora mstari kati ya kazini na shule ya mtoto, tafuta nyumba ndani ya mstari huo, kisha ndipo uulize bei.

Jirani na chuo kikuu cha MUST, kule Ikuti na Iyunga, wapangaji ni wanafunzi, na Iringa ni vivyo hivyo kwenye mitaa iliyo jirani na chuo cha Mkwawa. Vyumba huadimika vyuo vinapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Anayeripoti kazini mwezi huo atafute nyumba Agosti au Septemba, au akubali kulipa bei ya mwanafunzi.

Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya 150,000 hiyo ni 900,000 na 150,000, jumla 1,050,000, kabla hujanunua hata ndoo. Mshahara wako wa kwanza, 928,000, haujatosha na haujatoka bado. Wengi huishia kukopa kwa riba ya mtaani mwezi wa kwanza na kuilipa kwa mwaka mzima, halafu wanasema mji ni mgumu. Kabla ya kusaini, omba mwajiri akupe advansi ya kodi ikatwe kidogokidogo kwa miezi sita. Waajiri wengi hukubali mtu akiomba kabla ya kuanza. Akishaanza, jibu huwa refu.

Unapokagua nyumba, fungua bomba mwenyewe saa moja asubuhi, si saa nane mchana. Uliza maji hutoka siku zipi na kama kuna tangi. Angalia dari kwenye pembe: doa la kahawia ni paa linalovuja, na mvua za huku zinanyesha Novemba hadi Aprili au Mei. Nyumba iliyopangishwa Agosti inaonekana nzuri yote.

Baridi ina bei yake

Mbeya iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Juni na Julai hakuna anayeoga maji ya bomba kwa hiari. Feni uliyoiacha Dar nafasi yake inachukuliwa na maji moto, na hapa ndipo bajeti ya umeme ya mgeni huvunjika.

Tazama mita moja. Kwa bei za TANESCO zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida wa T1 analipa 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, kwa hiyo uniti inakuwa 122 kwa D1 na 356 kwa T1. Kaya ya D1 inayotumia uniti 60 hulipa 7,320. Sasa funga shawa ya umeme ya wati 5,400. Dakika kumi za kuoga ni uniti 0.9. Watu wanne kila siku ni uniti 108 kwa mwezi, jumla 168. Umeshatoka D1, uko T1, na bili ni karibu 60,000.

Lita 5 zilizochemshwa na kuchanganywa na maji baridi kwenye ndoo zinatumia karibu nusu uniti, na mtu anaoga vizuri. Hiyo peke yake inapunguza matumizi ya maji moto kwa zaidi ya theluthi. Wanaopanga nyumba ya vyumba vingi yenye mita moja wana tatizo jingine: hata kama wewe hutumii shawa, jirani akiitumia mita nzima inapanda T1 na mchango wako unapanda nayo. Dai mita ndogo yako, au uandikiane na wenzako nani ana kifaa gani. Na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni deni la mwenye nyumba. Tunza risiti, ipunguze kwenye pango unapolipa tena.

Ongeza blanketi nzito na sweta za watoto mara moja. Za mitumba Mwanjelwa zinafaa kabisa.

Sokoni: nini kinashuka, nini hakishuki

Nyanda za Juu Kusini zinalisha Dar, na ndiyo maana mtu huona chakula ni rahisi. Mchele wa Kyela na Mbarali, ndizi za Tukuyu, viazi na maharage vinafika soko la Mbeya bila safari ndefu. Iringa ina nyanya za Ilula na samaki wa Mtera. Vitu hivi vinashuka kweli.

Visivyoshuka ni vile vinavyopanda na lori kutoka bandarini: mafuta ya kula, sabuni, vipuri, vifaa vya umeme, dawa. Petroli ni wazi kabisa, kwa sababu EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na ya Mbeya hubeba gharama ya kusafirisha kutoka bandarini. Mwenye gari asiige bajeti ya mtu wa daladala.

Faida kubwa ya sokoni huku inampata anayenunua kwa msimu. Familia inayokula kilo moja ya unga wa dona kwa siku inahitaji kilo 365 kwa mwaka, yaani magunia manne ya kilo 100 kasoro kidogo. Bei ya mahindi huwa chini baada ya mavuno, Julai hadi Septemba, na hupanda Januari hadi Machi watu wanapolima huku ghala zikiwa tupu. Kinachoharibu mpango ni mawili. La kwanza ni unyevu: mahindi yakizidi asilimia 13 yanaota ukungu. Kupima bila mashine, weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha juani. La pili ni dumuzi, ambaye anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kabla ya Krismasi. Mifuko ya PICS yenye tabaka mbili za plastiki ndani humkosesha hewa bila dawa, ilimradi ufunge kila tabaka peke yake na usifungue ovyo. Nunua kwa mizani. Debe la sokoni lina namna nyingi za kubonyezwa, na gunia la lumbesa halina uzito unaojulikana.

Anayekula hotelini mchana na jioni hapati sehemu kubwa ya faida hii. Sahani ya wali ina mkaa, mshahara wa mpishi na kodi ya kibanda ndani yake, si mchele peke yake.

Iringa dhidi ya Mbeya

Hapa gharama hazipishani sana, kwa hiyo mshahara ndio unaoamua, isipokuwa safari zako ziwe nyingi. Ofa ya Iringa ya 1,000,000 inaingiza benki 797,000. Ya Mbeya ya 1,200,000 inaingiza 928,000. Iringa inatakiwa iwe nafuu kwa 131,000 kila mwezi ndipo zilingane, na kupata nafuu hiyo kati ya miji hii miwili ni kazi.

Iringa ina silaha yake: iko njiani. Dar ni kama kilomita 500 na Dodoma kama 260 kupitia Mtera. Kutoka Mbeya ongeza kilomita 330 kwa safari zote mbili, yaani kama 16,000 kwa mtu kwa kila kwenda. Watu wawili wakienda Dar na kurudi mara nne kwa mwaka, Iringa inawaokolea 256,000, sawa na 21,000 kwa mwezi. Haifiki 131,000. Ila mtu mwenye mwenza Dodoma anayesafiri kila wiki, au mwenye vikao wizarani kwa gharama zake, hesabu yake inageuka, na anaokoa pia siku nzima ya barabarani. Mlima Kitonga hausamehe upande wowote: lori likifa katikati ya kona, abiria wa Iringa na wa Mbeya wote wanasubiri. Mbeya ina uwanja wa Songwe wenye ndege za Dar, jambo la maana kwa anayelipiwa tiketi na mwajiri.

Kuna jambo lisiloonekana kwenye jedwali. Mbeya ina waajiri wengi zaidi: viwanda, mabenki, usafirishaji, vyuo, hospitali ya rufaa ya kanda. Ukikosa kazi leo, au mwenza wako akitafuta, nafasi ni zaidi. Iringa mjini kuna vyuo, taasisi na miradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Ofa ya mradi wa miaka miwili Iringa isilinganishwe na ajira ya kudumu Mbeya kwa mwezi. Ilinganishwe kwa miaka mitatu, mwaka wa tatu ukiuandikia sifuri. Ukifanya hivyo, mshahara wa mradi unaoonekana mnono mara nyingi unakonda.

Mwenye mgonjwa anayehitaji kliniki ya bingwa kila mwezi akae Mbeya. Kutoka Njombe au Sumbawanga mgonjwa huyo ataletwa hukohuko, kwa nauli na malazi.

Mafinga, Mufindi, Njombe: mshahara mdogo wenye nyumba ndani yake

Mashamba ya chai, viwanda vya mbao na karatasi, na kampuni za parachichi hutoa ofa ambazo watu wa mjini huzicheka. Chukua 900,000 na nyumba ya kampuni. NSSF ni 90,000. Nyumba nayo TRA inaihesabu kama kipato. Tuseme imethaminiwa 80,000 kwa mwezi. Kipato cha kutozwa kodi kinakuwa 890,000, PAYE 100,500, na benki inaingia 709,500. Sasa toa pango na nauli kwenye Mbeya ya 1,200,000: 928,000 ondoa 181,200, zinabaki 746,800. Laki tatu ya kwenye karatasi imekuwa 37,300. Kama kampuni ina zahanati na gari la shule, hata hiyo haipo.

Ubaya wake uko kwingine. Nyumba inakwenda na kazi: mkataba ukiisha, una kazi ya kutafuta na nyumba ya kuhama kwa wakati mmoja. Andika kwenye mkataba siku ngapi unaruhusiwa kukaa baada ya kazi kwisha. Siku 30 ni ombi la haki. Mwenza mwenye taaluma anaweza akakaa bure mwaka mzima. Duka liko moja na linakopesha hadi mwisho wa mwezi, na deni la duka hilo ndilo linalokula akiba ya wafanyakazi wengi wa shambani. Masika, barabara za vumbi zinakuwa utelezi, na bodaboda anapandisha nauli bila aibu.

Kwenye parachichi na chai angalia pia mkataba wa msimu. Mshahara wa 700,000 kwa miezi minane, ukigawa kwa kumi na mbili, ni 467,000. Ulinganishe na kazi ya mwaka mzima kwa namba hiyo.

Halafu kuna hoja ya shamba. Kila anayehamia huku huambiwa akodi eka mbili, mshahara utakuwa wa ziada. Mahindi yanataka kama mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP kwa eka wakati wa kupanda, na wa Urea wa kukuzia, na palizi kwa wakati. Vyote vinaangukia Novemba hadi Februari, wakati ada za shule nazo zinadaiwa. Kulima kwa simu, ukimtumia mtu hela na yeye akikutumia picha, huishia kwenye picha. Mwaka wa kwanza andika mapato ya shamba sifuri. Ukivuna, ni bahati yako.

Tunduma na Chunya

Hapa udogo wa mji na bei zake haviendani. Tunduma ni mpakani, fedha ya wafanyabiashara na madereva wa malori inazunguka, na pango linafuata fedha hiyo wala haliangalii mshahara wa mwalimu. Chunya bei zinafuata dhahabu. Mshahara wa Mbeya ukihamishiwa miji hii bila nyongeza ni punguzo. Ukiombwa kuhamia, omba nyumba kwanza, posho baadaye.

Kabla ya kusaini

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri, kazi inapokoma sehemu tofauti na ulikoajiriwa, akusafirishe wewe na mizigo yako hadi mahali ulipoajiriwa, au akulipe gharama hiyo, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri huo. Maneno ya kutazama ni "mahali pa kuajiriwa". Umetoka Dar na familia, usaili umefanyiwa Mbeya, mkataba umeandikwa umeajiriwa Mbeya: Fuso ya kurudisha vitanda na friji itakuwa yako mwenyewe. Rekebisha mstari huo kabla ya sahihi.

Mizigo ya kuja, usikodi gari Dar kwa bei ya kwenda na kurudi. Fuso zinazoshusha mchele, viazi na ndizi kwenye masoko ya Dar hurudi Mbeya na nafasi. Dereva anayerudi mtupu hujadili bei. Funga vyombo kwenye magodoro, andika nakala mbili za orodha ya vitu, dereva asaini moja, na nusu ya malipo ibaki hadi mizigo ishushwe mlangoni.

Uliza tarehe ya kulipwa mshahara. Ukiripoti tarehe 10 na orodha ya malipo ikafungwa tarehe 8, mshahara wa kwanza unaweza kuja baada ya siku 45 au zaidi. Hizo ni siku za kula, nauli na LUKU ambazo lazima uwe nazo taslimu, juu ya ile 1,050,000 ya nyumba.